Dada, Nimemwambia Kuhusu Bega Lako

Dada Rehema,

Uliniapisha nisimwambie mtoto wako. Nimemwambia. Nimemwambia yote, mchana kweupe, mezani kwangu, na raketi yako iliyopinda nimeiweka katikati ya vikombe vya chai. Kama huko uliko mtu anaweza kukasirika, kasirika. Tumegombana tangu tukiwa watoto Kigoma, na sioni kwa nini kifo kitufanye wapole.

Barua hii naiandika hadharani kwa sababu na wewe ulivunjwa hadharani. Majirani walisikia. Walichofanya ni kufunga madirisha na kuongeza sauti ya redio. Basi nao waisome.

Unakumbuka uwanja ule wa tenisi nyuma ya bweni letu la chuo Westville, huku Durban, nilipokuwa mwanafunzi? Wewe ulikuwa ukishona mashati kiwandani Pinetown, na Jumapili ukipanda taxi kuja kwangu na chapati kwenye mfuko wa nailoni. Sakafu ya uwanja ilikuwa na nyufa, wavu umelegea, na tumbili walikaa juu ya uzio wakitutazama kama wajumbe wa kamati. Raketi zetu zilikuwa za mitumba. Hakuna aliyetufundisha. Uliwatazama wanafunzi wengine Jumapili moja, Jumapili iliyofuata ukanifanya nilie.

Ulikuwa unaurusha mpira juu, mkono wako wa kulia unapanda wote hadi kwapa linaona jua, halafu unaushusha kwa hasira ya mtu aliyeinamia cherehani wiki nzima. Siku moja ulinipiga shavuni nikatema damu. Badala ya kunihurumia ukasema, "Temea upande huo, huku nitateleza."

Mimi nilikuwa nasoma historia, na ugonjwa wangu unaujua: siwezi kusoma kitu nikakaa nacho kimya. Kila tulipopumzika nilikuhubiria kuhusu wanawake wa Uingereza enzi za Malkia Victoria. Jinsi mchezo huu ulivyoanzia kwenye bustani za matajiri, mwanamke akiruhusiwa kushika raketi mradi asitoke jasho. Sketi za kufagia nyasi. Kofia zilizobanwa kwa pini ndefu. Na ndani ya yote hayo koseti, lile vazi la kubana kiuno lenye vyuma au mifupa ya nyangumi, kamba zake zikivutwa mpaka pumzi inakuwa fupi. Mwanamke aliyeukimbilia mpira alikimbia na visu mbavuni, na wapo waliolivua likiwa na damu. Mikono ya magauni nayo iliwabana hata bega lisiweze kupanda, kwa hiyo wengi wao walianzisha mpira kutoka chini, kama mtu anayemwaga maji ya kuoshea vyombo. Kisha mabwana waliokaa pembeni na vikombe vyao wakatangaza kwamba maumbile ya mwanamke hayamruhusu kuinua mkono! Mfunge mtu kamba, halafu andika makala kuhusu udhaifu wake. Ujanja huo haujazeeka mpaka leo.

"Nani aliwashonea hayo magauni?" uliniuliza.

"Sijui. Mafundi wa London."

"Ningempata mmoja ningemchoma sindano ya ulimi."

Nikakuambia kuhusu fainali ya kwanza ya wanawake kwenye mashindano yale makubwa ya London, ambayo kwa miaka kadhaa yalikuwa ya wanaume peke yao. Waliokutana fainali walikuwa ndugu wawili, mabinti wa kasisi. Mkubwa alichukua seti ya kwanza. Mdogo akachukua mbili zilizofuata. Mshindi alipewa kikapu cha maua cha madini ya fedha, na mshindwa kioo cha mkononi na brashi ya nywele.

Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Yaani wamepigana kama simba, halafu mmoja anatumwa akapange maua na mwingine akachane nywele?"

"Ndiyo hivyo."

"Na huyo mkubwa alimwachia mdogo wake. Sisi dada wakubwa ndivyo tulivyo."

"Hakumwachia. Alipigwa."

"Njoo basi unipige."

Sikuweza. Sikuwahi kukupiga hata seti moja, Dada, mpaka mtu mwingine alipokupiga kwanza.

Shemeji. Adabu inanitaka nimwite hivyo, na hii ndiyo mara ya mwisho. Jumapili ile mumeo, dereva wa lori, alirudi kutoka bandarini, ambako foleni ya malori ilikuwa imemtafuna tangu alfajiri, akakuta chungu hakiko jikoni. Ulipoingia na raketi mkononi alikuuliza ulikuwa unamwonyesha nani mapaja. Ulimjibu kwamba ulikuwa unamwonyesha mdogo wako namna ya kushindwa. Lilikuwa jibu zuri. Alikunyang'anya raketi akakupiga nayo, kwanza kwa ubapa, kisha kwa ukingo, bega lile lile, mpaka likalia kama kuni kavu. Ulipoanguka aliendelea. Alipoona fremu imepinda hasira ikampanda upya, kana kwamba na raketi nayo imemjibu. Haya ulinisimulia wewe mwenyewe, kitandani hospitalini, bila kutoa chozi, ukanikabidhi ile raketi na kuniapisha.

Nesi alikuuliza kilichotokea. Ukasema umeteleza kwenye ngazi za nyumbani.

"Eish, sisi," akasema, yaani dada kwa Kizulu, "ngazi za Durban zinachagua wanawake tu." Akaandika ngazi.

Mchungaji akaja na matunda na somo la uvumilivu. Mumeo akashika Biblia upande wa pili wa kitanda, akaitikia amina kwa sauti kuliko wote. Nilikuwa pale. Nilitaka kumng'ata.

Mfupa ukaunga vibaya. Mkono wako wa kulia haukupanda tena kupita ziwa. Ukajifunza kuchana nywele kwa kushoto. Kamba ya kuanikia nguo ukaishusha hadi kifuani, shuka zikawa zinaburura vumbi. Na bado ukarudi uwanjani, jambo ambalo wengi hawalijui. Ulisimama kwenye mstari, ukaushika mpira karibu na goti, ukauanzisha kutoka chini.

"Si ulisema wale wanawake wa Malkia walicheza hivi?" ukaniambia. "Basi leo unacheza na Malkia. Piga magoti."

Siku hiyo nikachukua seti yangu ya kwanza kwako. Nilitamani kuitapika.

Halafu ukamzaa Tumaini, ukamfundisha. Ulimpa kila ulichokuwa nacho, na ukampa pia ulichonyang'anywa. Mtoto alikutazama ukianzisha mpira kutoka chini, akaanzisha kutoka chini. Akaongeza ujanja wake, mpira unatua na kukata kona kama panya aliyemulikwa, na wasichana wa shule nyingine wakawa wanaukosa na kulia. Ulipofariki aliushikilia mtindo ule kama watu wanavyoshikilia kanga ya marehemu.

Siku moja mwaka huu alikuja kwangu kunisaidia kuanika. Akasimama chini ya kamba, shuka mkononi, ananitazama.

"Mama mdogo, hii kamba nani ameifunga huko juu? Twiga?"

Nikamwambia kamba zote huwa hapo.

"Ya kwetu iko hapa," akasema, akagusa kifua chake. "Mama alisema nguo zinakauka vizuri zikiwa chini."

Dada, niliingia ndani nikashika kingo za sinki kwa mikono miwili. Msichana amekua mrefu, mabega mazima, mkono mzima, na hajui kwamba kuna kitu juu ya kifua chake. Kocha wake alikwishamwambia kwamba bila kuinua mkono hatavuka hapo alipo. Alimjibu, "Hii ni ya Mama. Siibadilishi." Na unajua nani alikuwa anasimama kwenye uzio kila mechi akijipiga kifua? Yeye, baba yake. Kwa masikio yangu nilimsikia akiwaambia wazazi wenzake: "Mnaona? Mkono ule ule wa mama yake. Damu hiyo!"

Kiapo chako kilifia pale kwenye uzio.

Najua ungesema nini, maana ulikwishasema: "Mwache ampende baba yake. Hana mwingine." Nimekupenda maisha yangu yote, na ninakuambia kwamba ulikosea. Ulitaka kumwachia baba, ukamwachia kipigo, tena kipigo ambacho mtoto amekigeuza sala. Wanawake wale wa zamani walirithishana koseti mama kwa binti, na kila mama aliapa kwamba anamtakia mwanawe mema. Siku zote wapo watu wema wa kushika zile kamba na kuzivuta. Sitakuwa mmoja wao, hata ukiniomba kutoka kaburini.

Nikamwambia. Hakulia. Aliichukua ile raketi, akapitisha kidole pale ilipopinda.

"Bega lipi?"

"La kulia."

Akashika lake. "Kwa hiyo ule si mtindo, Mama mdogo. Ni mfupa."

Akaacha chai, akatoka uani, na mpaka magharibi nikasikia mpira ukipiga ukuta wa jirani. Jirani alipolalamika nilimwambia aongeze sauti ya redio, kama majirani zako.

Jumamosi iliyopita ilikuwa fainali ya wasichana, kwenye klabu moja ya Westville yenye nyasi za kweli, nyororo, zilizokatwa kwa mistari. Nilikwenda na Mama Furaha, Mkongo mwenye saluni mjini anayemsuka Tumaini. Baba yake alikwishafika, amevaa shati la kanisani, vidole ndani ya matundu ya uzio.

Tumaini akaurusha mpira juu. Mkono ukapanda. Dada, ulikuwa mkono wako, ule wa kabla. Nilisimama bila kujua. Mpira ukaruka uzio ukaangukia kwenye maegesho.

"Mama yangu!" Mama Furaha akasema. "Ule mpira iko wapi? Umefika Pinetown?"

Wa pili ukagonga wavu. Wa tatu ukagonga wavu. Aliendelea kuinua mkono na kuendelea kupoteza, akapoteza seti nzima hivyo, uso umevimba kwa hasira, na mpinzani wake, mtoto wa watu, akawa anatabasamu kwa aibu.

"Tumaini!" Sauti ya baba yake ikapasua uwanja. "Rudi chini! Anzisha kama mama yako!"

Akasimama. Akaweka raketi begani, akatembea polepole hadi kwenye uzio. Mwamuzi alimwita, hakugeuka.

"Baba. Kwa nini Mama alikuwa anaanzisha chini?"

"Alipenda hivyo. Rudi ucheze."

"Alivunjika bega. Alivunjikaje?"

Watu wakaacha kutafuna. Baba yake akatazama kushoto na kulia, akashusha sauti. "Aliteleza. Kwenye ngazi. Mama yako alikuwa na haraka siku zote."

"Ngazi zipi, Baba? Nyumba yetu haina ngazi."

Baba yake akautikisa ule uzio, vidole bado vimo.

"Papa, jibu mtoto," Mama Furaha akasema, kwa upole kabisa, kama mtu anayeagiza maji. "Sote tunangoja."

Alimwambia binti yake, "Nikitoka hapa nitakuonyesha, na nyumbani tutaonana." Alisema hivyo mbele ya watu wazima wote wale, Dada, na safari hii hakuna aliyekuwa na dirisha la kufunga. Kocha alikuja akasimama kati yake na geti la uwanja, akamwonyesha njia ya kutokea. Alitukana mpaka kwenye gari.

Tumaini akarudi kwenye mstari. Mwamuzi alimwonya kwa kuchelewesha mchezo. Akasema samahani, akaurusha mpira juu, akaupiga. Ukatua ndani, ukaacha doa la chokaa, na yule msichana wa upande wa pili hakuinua hata raketi.

Alishindwa mechi. Sitakudanganya, alishindwa vibaya, na wakampa mkoba wa vipodozi. Tangu kioo na brashi hatujasogea mbali. Lakini hakuanzisha kutoka chini hata mara moja.

Hajarudi kwa baba yake. Jumapili mwanamume yule alikuja getini kwangu akapiga bati kwa ngumi hadi zikachanika, akiniita mvunja nyumba. Nilimwambia kupitia tundu kwamba katika familia hii wavunjaji tunawajua kwa majina. Jumatatu tulikwenda mahakamani, tukaomba amri ya kumzuia asimsogelee mtoto. Karani aliuliza sababu. Tumaini aliiweka ile raketi kaunta na kusema neno ambalo wewe hukulisema kwa nesi.

Naogopa, Dada. Tusidanganyane. Kila lori linalopunguza mwendo mtaani linanifanya nikague kufuli la geti. Nikisikia chuma kinagonga nasimama. Ila asubuhi ya leo nilimtazama dirishani akianika sketi yake ya mchezo kwenye kamba ya twiga, amesimama kwa vidole vya miguu, mikono yote miwili juu, akilalamika kwamba naishi kama jitu. Hakuomba niishushe.

Lala kwa ubavu wa kushoto, Dada. Bega la kulia tuachie sisi.

Mdogo wako,
aliyekushinda seti ile moja na mpaka leo haitaki.