Meneja Amenisomea Taa

Mwenzangu, nimerudi sasa hivi kutoka kazini.

Yale magari mapya ya kampuni, ya mafuta na umeme, yamefika. Leo nilitakiwa kulijaribu langu na kutia sahihi kwamba linanifaa. Nilipokaa, kichwa kikagonga paa, magoti yakabanwa na usukani. Betri iko chini ya kiti, kwa hiyo kiti hakishuki hata inchi moja.

Namwambia meneja, halinitoshi. Ananijibu, "Mbona mimi nimekaa likanitosha? Inama kidogo, mlingoti wewe." Na mtu mwenyewe ananifikia kwapani!

Inama kidogo! Shingo ikipinda nani ataikanda? Aliyekuwa akiikanda nimemzika.

Tukatoka nalo barabarani, yeye kando yangu. Nikamwambia taa za barabarani sizioni, paa limeziba, kwa hiyo unisomee wewe. Akacheka. Akasoma ya kwanza, akasoma ya pili. Ya tatu simu yake ikaita, akasahau. Nikaingia njia panda taa ikiwa nyekundu, lori likapita mbele ya pua zetu. Sijui breki nilizishikaje.

Unajua alisema nini? "Kipofu wewe?"

Kipofu mimi! Hawa wakubwa wananunua gari kwa kupima makalio yao.

Ofisini akanisukumia fomu, ameshaandika "linafaa". Nimekata, nikaandika "halifai", nikamwekea funguo juu ya fomu hiyo. Amesema nisirudi mpaka niitwe. Asiniite. Wanangu wameshamzika mama yao, baba hawatamzika kwa ajili ya kiti.