Finyanga Kabla ya Kupanda

Mjukuu wangu Kadzo,

Marahaba. Watu hucheka nikikuita mjukuu nami bado nanyonyesha, lakini nyanyako ni dadangu, basi pokea cheo chako. Mtoto aota meno, halali, nami silali. Tunashukuru.

Umeniuliza upande mahindi wapi hapo Kibarani. Nilipoolewa huku Marafa, nikiwa na mimba, nilichagua kulima upande wa mchanga mweupe kwa kuwa jembe lilizama bila taabu. Mama mkwe akacheka. "Mwanangu, wachagulia jembe au tumbo? Lowesha, ufinyange."

Nikalowesha, mchanga ukamwagika kiganjani. "Hilo ni jiwe la korongoni, limesagwa na mvua. Maji hayakai. Hapo mihogo." Udongo mwekundu wa upande wa pili ukafinyangika kama kidole, nilipoukunja ukapasuka kidogo. "Hapo mahindi. Ungekunjika bila kupasuka, ungekuwa wa kukandikia nyumba. Huo hutuamisha maji."

Nawe chimba upite majani yaliyooza, ufinyange kila upande. Usione uvivu.

Mwaka ule mvua ilikatika mapema, lakini nilivuna. Baadaye ndipo nilipojua kwamba ule mwekundu ulikuwa shamba la mama mkwe mwenyewe. Yeye alihamia kulima mchangani. Namshukuru hadi leo.

Nyanya yako mdogo,
Dama