Mimi Peke Yangu Niliyekuamini

Sosteni, mashavu ya chura,

Usinune kuitwa hivyo huko uliko. Hapa duniani ulishazoea. Wenzangu wakiandika barua huanza kwa kuulizia hali, lakini ya kwako naijua. Nilishika kamba moja tulipokuwa tunakushusha, na nusura univute tuingie wote. Mzito wee! Sijui ulikuwa unakula nini kwa mkeo Anastazia.

Ni Gervasi. Mwandiko uvumilie. Niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nilitoka mbio.

Tangu tukuzike masika yamekuja na kuisha. Kambi ya wakimbizi inafungwa. Malori yanapita kuwarudisha watu kwao ng'ambo, na pale mlipokuwa mnapigia muziki wenu usio na mwanzo wala mwisho pameota mahindi. Evaristi, yule mwalimu Mrundi aliyevuka mpaka na saksafoni imeviringishwa kwenye blanketi, alikuja kuaga. Alisimama kaburini kwako akapuliza sauti moja tu, ndefu, ya chini, ikakwaruza hadi mbuzi wa shemeji akakata kamba. Halafu akapanda lori. Nilitaka kulia, nikacheka. Ndio ugonjwa wangu, unaujua.

Sasa acha nizungushe maneno mara ya mwisho, halafu niseme.

Nimesema. Hapana, sijasema. Haya: lile turubai kwenye tarumbeta yako niliweka mimi.

Kaa kitako huko huko, nikueleze vizuri, maana kwa miaka yote hii nimekaa kimya.

Unakumbuka bendi ya parokia ilivyokuwa wakati wakimbizi wamejaa wilaya nzima. Wewe ulipiga tarumbeta ya kwanza. Mimi ulikuwa mwaka wangu wa tisa napiga ya pili: pu, pu, pu, kama bata anayetafuta wenzake. Wewe nota zilikuwa zinakuwasha. Padri akigeuka tu, unaongeza kitu chako. Siku ile uliziba mdomo wa tarumbeta kwa kikombe cha bati katikati ya wimbo wa sadaka, ikatoka sauti ya mtu anayelia kisimani, mama mmoja akadondosha kikapu cha ndizi. Padri alikusimamisha mbele yetu wote. "Sosteni, ukirudia majaribio yako humu kanisani, unaiacha tarumbeta hapa na unakwenda." Nilikuwa nimesimama mkono wako wa kulia. Nilisikia kila neno.

Kisha ikasemwa askofu anakuja, na mwalimu wa bendi akasema atakayempokea kwa tarumbeta mlangoni, peke yake, ni wewe.

Kipande chenyewe nilikikata kwenye turubai la buluu nililoezekea banda la kuku. Mwaka ule nani hakuwa na turubai la wakimbizi? Jumapili moja kabla askofu hajafika, tulipomaliza kujaribu vyombo tuliviacha kwenye benchi la sakristia, nyuma ya altare, nyie mkatoka kusalimiana na watu. Mimi nikarudi, eti nimesahau kofia. Nikakisukuma ndani kwa kijiti.

Sikiliza, Sosteni. Kama ungekuwa mpigaji kama mimi, ungeokoka. Mimi ningesikia ile nzzzz, kama nyuki ndani ya debe, ningeshtuka, ningeshusha chombo na kutoa macho, kila mtu angejua nimechezewa. Hivyo ndivyo nilivyodhani utafanya! Utaaibika kidogo, watasema chombo chako kibovu, basi. Lakini wewe ulisikia sauti mpya. Nilikuona. Ulifumba macho, ukaiinamia, ukaivuta juu kidogo, ikanguruma, ukaifuata tena. Katikati ya wimbo wa Utukufu! Wanakwaya wakanyamaza mmoja mmoja. Na wewe ukawa unatabasamu.

Padri alishuka mwenyewe. Akaitingisha tarumbeta, kikadondoka kile kipande cha buluu.

"Sikuweka mimi, Padri."

"Mbona ulikuwa unatabasamu?"

Ungejibu nini? Watu walijua unashinda kambini kumsikiliza Evaristi, walijua habari ya kikombe. Mwalimu wa bendi alikuvua kofia ya bendi mbele ya watoto wako. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu. Vilikuwa vizuri, nakumbuka, nilivipaka rangi siku hiyo.

Jioni yake ulikuja kwangu. Nilikuwa nakamua ndizi za pombe ya rubisi, mikono imejaa povu. Hukuketi. Uliniuliza, "Gervasi, wewe unaniamini?"

Nikasema, "Nakuamini."

Wala sikudanganya, unaona? Katika parokia nzima, mimi peke yangu nilijua kwa hakika kwamba husemi uongo. Ulinishika bega ukaniambia, "Basi inatosha. Mmoja anatosha." Ukaondoka. Mimi nikaendelea kukamua ndizi.

Askofu nilimpokea mimi. Nilikosea mara mbili. Alinipongeza.

Na wewe ukaenda kambini. Uliokota bomba la maji la plastiki lililokatwa na mafundi, ukalichoma mdomo kwa moto wa mkaa, ukaweka faneli ya mafuta ya taa mbele, ukasema sasa una chombo. Wewe na bomba, Evaristi na saksafoni, na yule mzee Mrundi wa filimbi ambaye hakusema neno hata siku moja. Siku ya kwanza mlipoanza, watu walikimbia na ndoo wakidhani lori la maji limefika. Nilicheka wiki nzima. Lakini walikuja tena, na siku ile hawakubeba ndoo. Waliketi chini. Kulikuwa na mwanamke aliyekuwa hajasema tangu avuke daraja la mpakani, nawe ulikuwa unapuliza kitu kidogo kidogo, kama mtu anayetafuta mlango gizani, akaanza kuitikia kwa kichwa. Nilikuwepo. Sikucheka.

Walikuita harusini Ngara mjini, wakakuita Biharamulo, mpaka Kaniha. Mnapiga ubeti mmoja wa wimbo wanaoujua, halafu mnapotea nao porini, hakuna anayejua mtatokea wapi. Baba wa bibi harusi wa Kaniha aliwapa jogoo ili mnyamaze. Ukamchukua jogoo, ukapiga zaidi! Ulinifundisha na mimi kupuliza bila kukata pumzi, kuvuta kwa pua huku mashavu yanasukuma, kwa mrija ndani ya kibuyu cha rubisi. Mimi kila nikijaribu nakunywa. Ulisema mwanafunzi mlevi kama mimi hujapata kumwona.

Sosteni, kuna siku nimejidanganya kwamba nilikufanyia hisani. Kwamba bila mimi ungezeekea kwenye Utukufu wa nota zilezile. Nimejaribu kulilalia wazo hilo, halilaliki. Maana tukitoka Kaniha, wewe umembeba jogoo, uliniambia hujawahi kupita mbele ya kanisa tangu siku ile bila kubadilisha upande wa barabara. Ukasema bomba ni zuri lakini midomo yako bado inaitafuta shaba. Ningeweza kusema pale pale. Barabara ilikuwa tupu. Nikakuuliza kama jogoo atatosha watu wanane.

Msibani, katekista alisoma maisha yako, Anastazia ndiye aliyemwambia ya kusoma. "Alipoondolewa kwenye bendi, mtu mmoja tu alimwamini, naye ni Gervasi." Wakanitoa mkekani, wakaniletea kiti. Kiti, Sosteni! Karibu na kichwa chako. Nikakikalia.

Hapo ndipo usingizi uliponiisha. Nikaenda kwenye sala ya jumuiya, nikasimama, nikasema wazi: "Turubai la Sosteni niliweka mimi." Wakacheka! Katekista akafuta machozi. "Huyu mzee hata marehemu hawaachi jamani!" Mama mmoja akaniambia, "Utatuua, Gervasi, kaa chini." Miaka yote nimewachekesha kwenye vikao vya huzuni, sasa naleta huzuni yenyewe, wananipigia makofi. Na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka nao.

Basi Alhamisi nikaenda kwa shemeji. Alikuwa anachambua maharage. Tumsifu Yesu Kristo, milele amina. Nikamwambia, "Shemeji, leo sina utani." Nikamwambia yote, mpaka kijiti. Hakucheka. Aliendelea kuchambua, halafu mkono ukasimama.

"Kwa nini?"

Nikaanza, "Ilikuwa utani tu, shemeji..." Akanitazama. Macho ya Anastazia unayajua. Nikaacha. Nikasema, "Nilitaka nafasi yake. Alikuwa ananizidi na mimi nilishachoka kuzidiwa."

Ndiyo hiyo, Sosteni. Sijawahi kuitamka hata kwenye kitubio. Kwa padri nilisema nimefanya mzaha kanisani, akanipa sala tatu.

Shemeji akayarudisha kwenye ungo maharage aliyokuwa ameyashika. Halafu akasema, "Kila jioni kwenye rozari alikutaja kwa jina. Watoto wakimuuliza kwa nini Gervasi kila siku, anasema, kwa sababu aliniamini." Akasukuma ungo pembeni. "Usiniachie mimi peke yangu jambo hili. Nenda kawaambie waliomvua kofia. Mpaka hapo, shemeji, usikanyage hapa."

Nikaondoka bila kuaga. Hata chai sikupewa, na nilistahili.

Padri yule alihamishwa zamani, lakini mwalimu wa bendi yupo, anakaa benchi la mbele, sikio moja limekufa. Watoto wako watakuwepo, na bendi yote, wale wapya wenye kofia zilizonyooka. Jumapili hii, baada ya matangazo, nitasimama. Nitalisema kwa sauti ili na lile sikio lililokufa lisikie. Sitasema ilikuwa utani. Nitasema nilikuonea wivu, na kwamba ulisema kweli, na kwamba mimi niliyejua nilikunyamazia mpaka kaburini.

Najua watacheka. Sura yangu hii ndiyo waliyoizoea. Wakicheka nitasubiri wamalize, nirudie. Wakicheka tena nitasubiri tena. Siketi, Sosteni, mpaka kanisa lote linyamaze.

Pumzika, ndugu yangu. Usinisamehe kwanza. Ngoja Jumapili ipite.

Gervasi