Ufagio Katika Maabara ya Neema

Gisenyi, Jumatano

Mama Neema,

Nakusalimu huko Ngara. Ziwa Kivu ni zuri kama lilivyo pichani, lakini mimi sina raha. Juzi niliona vumbi katika maabara ya binti yetu, anakootesha miche ya viazi ndani ya chupa, nikalifagia.

"Baba! Vumbi likiingia kwenye chupa, miche ya viazi inaota ukungu!" Neema akapiga kelele.

Mlinzi naye akasema, "Muzee, humu tunapangusa na maji tu. Donc, basi, leta ule ufagio!"

Ijumaa wakuu wa kituo cha utafiti kilichompa Neema maabara hii watakagua chupa, ndipo waamue kama kampuni yake itapewa chumba cha pili. Leo nimeona doa jeupe la ukungu katika chupa moja. Isipoondolewa mapema, itaambukiza nyingine. Neema hajaiona. Nikishatuma kadi hii, nakwenda kumwonyesha.

Niombee, mke wangu.

Baba Neema