Kibuyu cha Sabina

Jumatano, 1 Juni 1977

Ukungu tena. Umeshuka kutoka msituni huko Ngorongoro, umelala juu ya kijiji kama ng'ombe aliyeshiba. Nimekamua, nimefagia, nimekwenda bustanini kukiangalia kibuyu. Kizima. Shingo imenyooka vizuri, ile kamba ya gome niliyokifunga kikiwa kidogo kama yai imefanya kazi yake. Nimekigeuza kidogo juu ya nyasi kavu, tumbo lisioze. Hakuna mwanamke wa mstari huu wa nyumba mwenye kibuyu kama hiki. Sisemi mimi. Wanasema wenyewe, kwa macho.

Ni cha Sabina. Anaolewa mwezi wa nane, anakwenda Endabash. Kwa ukoo wetu binti hatoki bila kibuyu cha maziwa alichokilea mama yake tangu mbegu. Mama yangu alinilelea changu, ninacho mpaka leo. Hiki lazima kikaukie kwenye mmea. Kikitoka mapema kinanyauka, na hakuna kingine kitakachowahi.

Watoto wa Mama Safari wameamka na kelele zao. Sita. Shule imefungwa, basi balaa limefunguliwa. Zamani, kabla hatujahamishiwa kijijini, jirani yangu alikuwa ng'ambo ya korongo. Kumsalimu ilikuwa kazi. Sasa tumepandwa kwa mstari kama maharage. Mtoto wake akikohoa ni kama anakohoa kitandani kwangu.

Ijumaa, 3 Juni 1977

Leo wameingia bustanini kabisa.

Nimesikia brrrr, brrrr, nikadhani lori limeacha njia. Kumbe ni wao, wameshikana viuno, wanacheza gari la watalii. Mzungu mbele, mzungu nyuma. Matuta yangu ya kabichi ndiyo ukingo wa Kreta ya Ngorongoro. Kitalu cha vibuyu ndicho chini ya Kreta. Na kibuyu cha Sabina, Mungu wangu, ndiye kifaru. "Faru! Faru yule!" Wote vidole vimenyooshwa.

Kibuyu kichanga hakinyooshewi kidole. Kila mtu anajua. Kinaoza. Ukitaka kukionyesha unakunja ngumi. Hawa hawakufundishwa?

Nimewafukuza na ufagio. Safari, yule mkubwa, amekimbia huku akicheka: "Tembo jike ana hasira! Dereva, rudi nyuma!" Tembo. Mimi.

Hizo gari wanazoigiza, mwanangu Petro anaendesha ya kweli. Dereva wa hoteli, ukingoni kabisa. Hata sasa wageni walipopungua baada ya mpaka wa Kenya kufungwa, yeye hawakumwachisha. Na Yohani, kitindamimba wangu, yuko ndani anasoma. Darasa la saba mwaka huu. Mwalimu kasema mbele ya wazazi wote kwamba yule atafika mbali. Hapigi kelele. Watoto wangu sikuwafundisha kelele.

Jumapili, 5 Juni 1977

Baada ya misa nimemshika Mama Safari pale nje. Nimemwambia kwa upole, ninaujua upole. Nikamwambia mtoto hufunzwa, aje amwone Yohani wangu, utadhani nyumba haina mtu.

Amecheka, meno yote nje. "Dada yangu Mama Petro, mtoto asiye na kelele mpeleke zahanati."

Wanawake wakacheka. Nimerudi nyumbani moto. Sikula mchana. Jioni nimekata miiba na kuziba pengo la ua.

Jumanne, 7 Juni 1977

Mnada. Nilikwenda na Baba Petro kuuza mbuzi. Sabina alikwenda mtoni na nguo. Yohani alibaki na vitabu vyake.

Nimerudi nikaenda bustanini kabla ya kutua hata kikapu. Kibuyu kimepasuka. Kuanzia shingoni hadi tumboni, unaingiza mkono. Utomvu bado unatoka. Pengo la ua limefunguliwa, miiba imesukumwa kando. Nyayo za watoto kila mahali.

Nilikaa chini kwenye udongo. Kisha nikainuka.

Nimesimama njiani, wanawake wakitoka mnadani, nikatamka. Lo'o. Kiapo cha wazee wetu, kile ambacho mama yangu alikitamka mara moja tu maishani mwake. Nikasema: aliyekipasua kibuyu cha binti yangu, chakula kisikae tumboni mwake mpaka jina lake litamkwe hapa nilipokanyaga. Wote walisikia. Mama Safari alikuwa mlangoni kwake. Hakucheka.

Padre akisikia atanifukuza mezani kwa Bwana. Anifukuze.

Jumatano, 8 Juni 1977

Kimya. Mstari mzima. Mama Safari amewafungia watoto ndani, wanatoka mlangoni kula tu. Hakuna gari, hakuna faru. Balozi wa nyumba kumi kapita, kanisalimu kwa mbali kama anayesalimia moto.

Sasa wananijua. Nimepalilia vizuri sana.

Sabina hasemi na mimi. Nilidhani angefurahi kwamba mama yake amemsimamia.

Ijumaa, 10 Juni 1977

Yohani hali. Jana nilidhani ni baridi. Leo nimempa uji, ameurudisha wote. Makande, amegusa akaacha. Paji la uso si moto. Anageukia ukutani.

Nimempeleka zahanati. Mganga kasema hana malaria, hana minyoo, ni mtihani huo, anasoma mno. Nimeamini. Hata nikajivuna kidogo pale kwenye benchi, nikawaambia wenzangu mtoto wangu anaumwa kwa kusoma.

Njiani alikataa kupita mbele ya bustani. Akazunguka kwa nyuma.

Jumamosi, 11 Juni 1977

Lazima niandike.

Mama Safari amekuja. Hakuingia. Amesimama nje ya miiba, kanga kaifunga kiunoni, na mabinti zake wawili wadogo nyuma yake. Nilikuwa nachambua maharage. Nikajiandaa kutukanwa.

Hakutukana. Alisema taratibu, kama anayesoma:

"Mama Petro. Wanangu sita nimewalisha nje, mlangoni, watu wakiona. Tangu Jumanne, asubuhi na jioni. Wamekula, wameshiba, hakuna aliyetapika. Nenda kaangalie nyumbani kwako ni nani asiyekula."

Akaondoka.

Maharage yalimwagika. Sikuyaokota.

Nimeingia kwa Yohani. Sikuuliza. Alinitazama tu, na midomo yake imekauka kama gome, akaanza kulia bila sauti. Hata kulia kwake hakuna kelele. Nilikuwa najisifia kitu hicho.

Jumapili, 12 Juni 1977

Sikwenda misa. Nimesema kichwa.

Sabina ndiye aliyemtoa maneno. Siku ya mnada Yohani aliona upweke. Watoto wakamwita kupitia miiba, akawafungulia yeye mwenyewe. Wakampa udereva, kwa sababu ni mdogo wake Petro, nani mwingine angeendesha? Akashika mfuniko wa sufuria kuwa usukani. Wakashuka Kreta. Kisha akarudi nyuma kama anavyorudi nyuma kaka yake, macho kwa watalii wake, kisigino kikampata kifaru.

Wote sita waliona. Siku zote hizi wananiangalia wakijua. Watoto wenye kelele kuliko wote Karatu nzima, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo kumtaja.

Baba Petro kaniambia maneno machache, hana mengi. Kilichotamkwa njiani kinafutwa njiani, na mdomo uleule. Nimemwambia na tuchome ubani, tusali rozari ndani, Mungu anasikia hata ndani. Akasema, "Uliapa ndani?"

Sabina kasema kibuyu ni chake na amesamehe. Haitoshi. Si yeye aliyeapa.

Nitasimama pale niseme ni wa kwangu? Mbele ya wale wanawake? Mbele ya meno ya Mama Safari? Wataimba mwaka mzima. Mama Petro, Mama Dereva, amemwapiza mwanawe. Naogopa aibu kuliko kitu chochote. Nimeiandika, na ndivyo ilivyo.

Jioni nimemnyanyua Yohani kumbadilisha shuka. Mwepesi kama kikapu.

Jumatatu, 13 Juni 1977

Nimefanya.

Asubuhi, wanawake wakienda mtoni. Nimesimama palepale nilipokanyaga Jumanne. Nyasi mbichi za kuomba amani mkono wa kulia, maziwa kwenye kibuyu changu cha zamani, kile cha mama yangu. Yohani pembeni, kaka wa Baba Petro amemshika bega asianguke. Watu wakasimama.

Nilitaka kulitaja mimi jina, lakini mtoto akawahi. "Ni mimi. Nilikuwa dereva." Kwa sauti kubwa. Sijawahi kuisikia sauti hiyo ndani ya nyumba yangu.

Nikasema Yohani, mwana wangu, tumbo langu, na neno langu nililolitoa lirudi, liende na maji ya korongo. Nikajaza maziwa mdomoni nikampulizia usoni, kifuani. Nikatafuta wa kushika nyasi upande wa pili, maana hazishikwi na mmoja. Hakuna aliyesogea.

Mama Safari akatoka. Akashika.

Hakucheka. Alisema tu, chinichini, ili nisikie peke yangu: "Sasa je, tembo?" Na mimi nikacheka, hapo hapo njiani, na machozi yananitoka, watu wakadhani nimeshikwa na pepo.

Akamchukua Yohani kwake. Alikuwa na ugali na mboga ya mgagani jikoni. Amekula pale, katikati ya wale sita, kabla hajala kwangu. Imeniuma. Alikula tena jioni, kwangu. Chakula kimekaa.

Jumamosi, 18 Juni 1977

Yohani amepata mashavu kidogo. Anasoma mlangoni, si ndani.

Nimemalizia kukipasua kibuyu. Mbegu zimekomaa, nimezianika kwenye ungo. Chenyewe nimempa nguruwe. Sabina ataondoka na kile cha mama yangu. Kina ufa mdogo karibu na mdomo, nimeushona kwa uzi wa katani, mshono ulionyooka. Huko Endabash wataona mkono wa nani.

Miiba ya pengo nimeitoa. Nimefanya kimyakimya, sikumwambia mtu. Hakuna mtoto aliyeingia. Wakipita wanainamisha vichwa, wanakazana. Bustani imenyamaza siku nzima, nikapalilia palipokwisha kupaliliwa.

Kuna kibuyu kingine kidogo kwenye mmea, chini ya majani, cha kuchelewa. Hakitawahi harusi. Saa kumi ukungu ulipokuwa unarudi, yule mdogo kabisa wa Mama Safari alisimama penye pengo na mwenzake. Hawakuniona. Akakiona. Mkono ukainuka, kidole kimeshatoka.

Akakikunja. Akakionyesha kibuyu kwa ngumi.

"Mtoto wa faru," akamwambia mwenzake, kwa kunong'ona.

Nikasema waingie.