Siku Tatu Mikokoni

Jumapili, tarehe 3 mwezi wa 8, 2025

Daftari hili la hesabu kaliacha Nasra, kurasa kibao nyeupe. Nalichukua mie. Darasa la nne nililoishia litanitosha, wa kusahihisha hayupo.

Jana nimeoza binti! Nasra wangu kaenda kwa Ridhiwani wa Ruaruke. Pilau limetosha mpaka likabaki, na watu wa Ruaruke wanakula jamani – sisemi kitu. Shangazi yake bwana harusi kaja na kilemba kirefu kama mnara wa simu. Sisemi.

Ninalo la kusema. Mdomo wangu huu!

Mudy, mtani wetu, kashika mlango. Kajifunga kanga, kajipaka unga usoni, bibi harusi hatoki mpaka tumkomboe. Ndiyo kazi ya watani, wazuie njia, watukane, na ukitukanwa hununi. Mara kanigeukia mie. "Na huyu mama mkwe kaa wa kuchemsha katoka wapi? Mzungu wa matope! Baba yako kakusahau huku kama mwavuli!"

Watu wakafa kwa kicheko. Na mie si najijua? Nikamrudishia. "Hakunisahau, mtani! Kanifuata na boti mpaka Kiongoroni! Huyu mama yangu ndiye kanificha mikokoni siku tatu kama gunia la magendo, kisa hataki kubaki peke yake. Leo ningekuwa Ulaya nakula jibini, nisingekaanga mihogo stendi hapa Kibiti na wachawi nyie!"

Vigelegele! Mtu wa kamera kaniomba nirudie. Nikarudia!

Kugeuka, mama nyuma yangu na sinia la tende. Hakucheka. Hakununa. Kaliweka sinia chini, kalifunika kawa, kaenda kukaa jikoni.

Hadithi hiyo nimeisimulia mara mia. Mbele yake ndiyo mara ya kwanza.

Jumatatu, tarehe 4

Mama kaondoka. Alfajiri kafunga mkoba, anakwenda kwa Huseni mdogo wangu, Kiongoroni. Nikamwambia, mama nisamehe ya juzi. Kaniangalia kama nimemuuliza njia ya kwenda sokoni.

"Nikusamehe nini, mwanangu? Si utani ule?"

Kapanda bodaboda mpaka Nyamisati kuwahi boti. Miaka yote akisafiri hunishika kichwa, husema, radhi yangu unayo, Kudra. Leo kashika mkoba tu.

Jumatano, tarehe 6

Nimejiapiza sisemi na mtu habari ya mama. Ndiyo maana naandika, maana nikinyamaza kabisa nitapasuka. Sihaba jirani kaja mara mbili na vijineno vyake, kanikuta nimefumba mdomo. Kaenda kutangaza eti ninaumwa jino.

Kwa Mudy lakini nimekwenda. Huyo nina kesi naye. Nikamwambia weye mtani ndiye umeanza, nenda kamwombe mama radhi. Alikuwa anaziba pancha. Hakuinua hata kichwa.

Kasema yeye akimtania mama yangu ni halali yake, babu zake walimpa. "Weye ni mwana. Mwana na mama yake wana utani gani? Umeingia kwenye ngoma si yako." Halafu kasema lililoniuma zaidi. Kasema mama hata kunikasirikia hawezi, maana nimesemea ndani ya utani, na kwenye utani atakayenuna ndiye mwenye kosa. "Umemfunga mdomo mama wa watu, Kudra. Mbele ya wakwe."

Kisha kaniuliza kama nimebakiza mihogo. Nikampa! Sina akili mie.

Ijumaa, tarehe 8

Swala imeisha, stendi kimya. Nimekaa na karai langu nakumbuka mambo ambayo siyasimuliagi. Yale hayachekeshi.

Huyo baba sikumjua. Alikuja delta kupima mikoko, akakaa miezi saba, akaondoka. Nikazaliwa mie na nywele zangu za mahindi. Walipomuuliza mama huyu mtoto vipi, akajibu, kudra ya Mungu. Jina likawa hilo.

Akakata boriti. Kazi ya wanaume ile, matope mpaka kiunoni, gogo begani. Wenzake wakamwimba, mke wa mzungu anakata boriti! Yeye anakata. Baadaye akaolewa, wakazaliwa Huseni na Habiba, mume akafa maji. Akarudi kwenye boriti. Watoto watatu, panga moja.

Madrasani wenzangu walinisugua mkono kwa mchanga, waone kama rangi itatoka. Damu ikatoka. Kesho yake mama katoka mikokoni na matope yake na panga lake, kakaa mlangoni mwa chuo. Kakaa mpaka tukamaliza kusoma. Na kesho yake. Na kesho yake! Mwezi mzima. Hakunigusa mtu tena.

Shule niliacha mwenyewe. Mwalimu kauliza jina la baba, nikataja la mjomba, darasa zima likacheka. Nikagoma kurudi. Siku hiyo mama kanichapa, mara moja tu maishani, kisha kalia yeye.

Halafu lile la soda. Nina miaka kumi na moja, tuko Kibiti barabarani, mama kabeba furushi, mie nimevaa kofia. Mwanamke mmoja kwenye basi la kwenda Dar kachungulia dirishani, kaniuliza, mtoto mzuri, huyo ndiye yaya wako? Nikaitikia kwa kichwa. Ndiyo. Kaninunulia soda ya machungwa. Mama kasikia yote. Kanambia, kunywa taratibu, itakupalia.

Naandika haya, mafuta yameungua.

Jumapili, tarehe 10

Mungu wangu. Nianzie wapi.

Nimekwenda kwa mjomba Miraji sokoni, kwenye nazi zake. Nikamlilia, mjomba nisaidie, weye mdogo wake, mama kaondoka bila kunipa radhi. Nikamweleza. Akaendelea kufua nazi. Kila nikisimulia, anafua kwa nguvu zaidi. Nilipofika kwenye gunia la magendo akachomoa nazi, akaitupa chini.

"Wee mpwa wangu, siku tatu zile unakumbuka nini?"

Nikamwambia mbu. Matope. Mama ananambia tulia, usichafuke. Na gauni langu jeupe na viatu vya mikanda. Hilo la gauni sijawahi kulisimulia, halina uchekeshaji.

"Mwaka ule dukani nguo hakuna. Dada kakata boriti miezi miwili, kambadilishia mwenye jahazi, kapata kitambaa. Sasa niambie, anayemficha mtoto anamvisha gauni jeupe? Katikati ya matope?"

Nikakaa juu ya nazi. Kweli nimekaa juu ya nazi.

Kasema hakuna aliyenificha. Yule mzungu alituma barua kwa watu wa boti, siku fulani atakuja kambi yake ya zamani, ndani kule mikokoni, aje amwone mtoto. Mjomba ndiye katupeleka na mtumbwi. Mama kanisuka, kanipaka mafuta ya nazi, kaniweka juu ya kreti nisichafuke. Siku ya kwanza hakuja. Ya pili. Ya tatu mihogo ikaisha, maji ya kunywa yakaisha. Boti haikupita hata moja.

Wakati wa kurudi, kwenye mtumbwi, kamwapisha mjomba. Kijijini kasema, alikuja kumchukua, nimemficha, hakumpata. Mjomba kamuuliza, dada, kwa nini ubebe uongo kama huo? Kamjibu, bora anichukie mimi akijua kwamba alitakiwa.

Miaka arobaini na moja.

Na mie kila harusi, kila msiba, mama yangu mbinafsi, mama yangu kaninyima Ulaya. Watu wanacheka, yeye yuko uani anakosha vyombo.

Mjomba kasema nikimwambia mama kwamba najua, yeye Miraji hana dada tena.

Jumanne, tarehe 12

Sikukaanga leo.

Sihaba kaja na uji. Kauliza jino vipi. Nikamwambia linauma, shoga. Linauma sana.

Alhamisi, tarehe 14

Kiongoroni, kwa Huseni. Niko chumbani, nimeshusha pazia, naandikia magotini.

Fungate imeisha, maharusi lazima wamwamkie bibi. Tumekuja jana maji yalipojaa. Nasra, Ridhiwani, mie, na yule shangazi wa kilemba – kakivaa mpaka kwenye boti! Upepo ukakichukua nusu. Nimecheka peke yangu, halafu nikakumbuka nilichokuja kufanya.

Shikamoo mama. Marahaba, mwanangu, hamjambo wote. Kanipokea vizuri tu. Kapika samaki wa nazi, kanipa kichwa, anajua napenda kichwa. Jikoni nikamshika mkono. Mkono ule mgumu kama gamba. Nikamwambia, mama, niridhie. Kasema, "Kuna nini tena? Hebu puliza moto huo, moshi unaniumiza macho." Hakukuwa na moshi.

Sikulitaja la mjomba. Nimelizuia, mie niliyekuwa siwezi kukaa na jambo toka asubuhi hadi adhuhuri.

Sasa leo. Tumemaliza kula, tuko ukumbini, mama anasuka ukili wa mkeka. Shangazi wa kilemba kachangamka. "Bibi, hebu tusimulie weye mwenyewe ulivyomficha binti yako mikokoni! Siku ya harusi tumevunja mbavu zetu!" Ridhiwani kaongeza, ndiyo bibi, tusimulie. Nasra macho yanang'aa. Hajui huyu mtoto. Nimemlea na hadithi hiyo.

Mama kasuka mstari mmoja. Kasuka wa pili.

"Mie msahaulifu siku hizi. Kudra ndiye hodari wa hiyo. Kudra, wasimulie wakweo."

Kaniangalia. Macho yale yale ya siku ya soda.

Nikasema subirini nikanywe maji. Nikaingia humu.

Nikiisimulia kama siku zote, nampiga kofi tena, safari hii ndani ya nyumba yake. Nikisema kweli, nampokonya kitu alichokibeba tangu nina miaka minne, mbele ya wakwe, na mjomba kaapa. Au niseme alinificha, na kwamba kama angenitoa ningekufa kwa kumkosa yeye? Huo ni uongo au ni kweli? Mie nimesema maneno tangu nizaliwe, leo sipati matatu.

Wanacheka huko nje. Shangazi kauliza, huyo mama mkwe maji anayatoa kisimani?

Mama kaita. Kudra!

Sasa namsikia, sauti yake ndogo, kama anamsemesha mtu mmoja tu. "Njoo, mwanangu. Na anzia pale ulipovaa gauni jeupe."

Gauni. Mie sijamtajia mtu gauni ila mjomba, na mjomba yuko Kibiti na nazi zake. Mama ndiye kalitaja. Mbele za watu! Na hadithi inayoanza na gauni jeupe haiwezi kuwa ya kufichwa.

Ridhiwani anauliza, gauni gani, bibi? Nasikia ukili tu unasukwa, shii, shii. Ananingoja mie.

Nakuja, mama. Nakuja –