Kula ya Shamba la Mama

Mama yangu usiyepokea simu tena,

Mvua imerudi Bungoma na mrenda wako umeota. Hakuna aliyeupanda. Tulikuzika wakati wa kiangazi, na jembe lako liko kwangu Kitale nyuma ya mlango, lakini kipande chako kwenye shamba la kikundi kimejaa kijani kana kwamba ulipita jana. Naogopa, mama. Nikiinama kuchuma, nasikia kikohozi chako.

Unakumbuka mlivyogombana pale? Mwalimu mstaafu alipanda sukuma kwa kamba, mstari umenyooka. Mama Zuhura wa karibu na msikiti alipanda dania kwenye magunia, maana hakuamini udongo wa watu wengi. Wanafunzi wa chuo cha Kibabii walipanda nyanya kwenye mitungi ya plastiki iliyokatwa, wakazisahau mitihani ilipofika, ukawa unazimwagilia maji huku ukiwatukana. Wewe ulichanganya mbegu za mboga zetu za kienyeji, mrenda, saga na kunde, pamoja na majivu, ukarusha tu. Mwalimu alipolalamika kwamba mrenda wako umeingia kwenye mistari yake, ulimjibu, "Si hata mvua inanyesha ovyo, Mwalimu?" Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Wiki jana Mwalimu akanipigia simu. "Jumamosi kuna kula ya shamba ya mama yako. Usikose, bana."

Nilifurahi. Nilijua wanakukumbuka kwa chakula. Nikapika chapati, nikatoka Kitale asubuhi na mapema, hotipoti mapajani. Kufika, nakuta watu wamekaa na hakuna sufuria hata moja. Kumbe ni kura! Nimelelewa na wewe, uliyeita redio ledio maisha yako yote, na bado nilidanganyika.

Kuna msichana wa Sirisia, ana mtoto mgongoni, anatafuta mahali pa kulima. Chako ndicho kipande pekee kisicho na mtu. Mikono ya kumpa ikainuka mmoja mmoja. Mama Zuhura aliinua wake huku analia.

"Lakini mama ni wako," Mwalimu akaniambia. "Ukikataa, tutaacha hivyo."

Nilitaka kukataa. Siwezi kuja kupalilia kila wiki, najua, lakini nilitaka pabaki pako, ili kila mvua ikinyesha nikukute. Nilisimama na hotipoti yangu, mikono yote miwili imeshika, wote wananitazama. Msichana akanisogelea.

"Dada, hii mrenda nikiing'oa, haitarudi?"

"Itarudi mara mbili tatu," nikamwambia. "Halafu itaisha."

Sauti yangu ilinitisha. Nikaweka hotipoti chini, nikainua mkono.

Chapati zililiwa zote. Mwalimu aliomba msamaha kwa ajili ya ulimi wake, watu wakacheka, hata mimi. Lakini tangu nirudi Kitale silali vizuri. Nimekutoa kwa mkono wangu, mama, na mkono huo mpaka leo sijui niuweke wapi.

Lala, mama. Mimi bado naangalia mvua.

Kitindamimba wako